Mbwa Mkali au "Mbwa Kali"?

Ukitembea vichochoroni mwa Kabiria, huku magharibi mwa Nairobi tunakopakana na Riruta Satellite na Waithaka, utasoma mengi kabla hujafungua gazeti la siku hiyo. Yapo maandishi ya makanisa, ya vinyozi, ya shule za chekechea na ya nyumba za kupangisha. Lakini tangazo linalokukabili mara nyingi zaidi, aghalabu kwa rangi nyekundu iliyochuruzika kwenye lango la mabati, lina maneno mawili tu: MBWA KALI.

Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili, jicho huliona kosa kabla halijaiona hatari. Mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi anajua kwamba mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na sifa yake hufuata ngeli ya A-WA: mbwa mkali, mbwa wakali. "Kali" pasipo kiambishi huandamana na vitu visivyo na roho: dawa kali, njaa kali, baridi kali, pombe kali. Wenzangu wengi hulicheka tangazo hilo na kupita. Mimi naona lina ukweli ambao mwandishi wake hakuukusudia. Ameandika jinsi anavyomfuga mnyama wake. Kwake yeye mbwa ni kifaa cha langoni, ni kufuli lenye meno, na kufuli halihitaji kuogeshwa wala kuchanjwa.

Tazama jinsi mbwa wetu wengi wanavyolelewa. Mashamba ya wazee yamegawanywa yakawa ploti, na ploti zikaota majumba ya ghorofa. Wapangaji ni wengi, wezi nao hawakosekani. Mwenye ploti hununua mtoto wa mbwa, humtia katika kibanda cha mbao na waya nyuma ya vyoo, na humo ndimo anamokulia. Mchana hafunguliwi. Usiku huachiliwa azunguke uani. Nilimuuliza jirani yangu mmoja sababu ya kumficha mbwa wake hivyo, naye akanijibu kwa upole kama mtu anayemfundisha mwalimu jambo dogo: "Mwalimu, mbwa akizoea watu ataharibika. Siku ya mwizi atamlamba miguu."

Imani hiyo imeenea mno, na si kweli. Mbwa aliyefichwa watu hajifunzi kumtambua mwizi. Hujifunza kumwogopa kila mtu. Kwake yeye muuza maji, fundi wa stima, bibi aliyekuja kutoka mashambani kuwaona wajukuu na mtoto wa jirani anayeufuata mpira wake ni adui wa aina moja. Watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza malezi ya mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965. Walionyesha kwamba kuna kipindi kifupi, takribani kutoka wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili ya umri, ambapo mtoto wa mbwa hupokea kwa urahisi viumbe na mambo ya dunia inayomzunguka. Asiyeona watu katika wiki hizo hubaki na woga ambao ni vigumu sana kuufuta baadaye. Wahenga wetu hawakuhitaji maabara kulijua hilo: samaki mkunje angali mbichi. Mbwa aliyezoezwa na kulelewa na watu hulinda vilevile, tena huilinda familia anayoijua na kuipenda.

Hatari yenyewe ina saa yake. Mbwa huachiliwa usiku na kurudishwa kibandani kukishapambazuka, pindi msimamizi wa ploti anapoamka. Watoto wetu wa shule hutoka majumbani kungali na giza. Kwa hiyo ipo nusu saa, karibu na saa kumi na mbili asubuhi, ambapo mbwa asiyewajua watu na mtoto aliyebeba mkoba mzito hukutana katika njia nyembamba yenye matope. Hapo ndipo wanafunzi wengi huumwa, na hapo ndipo elimu kidogo ya tabia za mbwa ingewafaa kuliko fimbo.

Mbwa huongea kwa mwili wake wote, nasi twasikia kubweka tu. Watu hudhani kwamba mkia unaotikisika ni dalili ya urafiki. Mara nyingi ni kweli, hasa mkia ukiwa chini kidogo na mwili mzima ukiyumba pamoja nao. Lakini mkia ulioinuliwa wima, mgumu kama fimbo, ukitikisika upesi kwa mitikiso mifupi, ni wa mbwa aliyepandwa na mori. Mbwa anayepiga miayo bila usingizi, anayejilamba pua ilhali hana chakula mbele yake, anayegeuza kichwa huku weupe wa macho ukionekana, anaomba asisogelewe. Akifyata mkia na kulaza masikio amejaa hofu, na mwenye hofu huuma upesi akibanwa pembeni. Mbaya kuliko wote ni yule aliyeganda ghafla, kimya, akikukazia macho.

Kunguruma nako ni onyo, na onyo ni heshima. Wapo wanaompiga mbwa kwa sababu amenguruma. Mbwa huyo hatoacha kukasirika. Ataacha kuonya tu, na siku moja atauma bila kutoa sauti. Kisha watu watasema alikuwa na wazimu.

Mtoto akikutana na mbwa asiyefungwa asikimbie, kwani hakuna mtoto anayemshinda mbwa kwa mbio, na mkimbiaji huamsha silika ya windo. Asimame kama mti: miguu pamoja, mikono imebanwa kifuani, macho yakitazama chini, kimya. Mbwa wengi humnusa mtu na kuondoka. Akiangushwa, ajikunje kama jongoo, afunike shingo na masikio kwa mikono. Asimguse mbwa anayekula, anayelala, anayenyonyesha au aliyefungwa mnyororo. Na hapa niwageukie wavulana wetu, ambao najua wanasoma ukurasa huu. Mbwa aliye nyuma ya waya hurushiwa mawe kila jioni na watoto waliovaa sweta za shule. Hawezi kuwajua wavulana hao mmoja mmoja, lakini sweta ataikumbuka, naye msichana wa darasa la kwanza huivaa iyo hiyo asubuhi.

Sasa nije kwenye usafi, ambao wengi huuona kuwa anasa ya matajiri wa Karen. Mbwa wa kawaida hahitaji manukato. Anahitaji kuchanwa manyoya kwa brashi ngumu angalau mara moja kwa wiki, kuoshwa mara moja kwa mwezi au anapochafuka, kutazamwa masikio kama yana usaha au harufu, na kupunguzwa kucha zikianza kugonga sakafu. Aogeshwe kwa sabuni ya mbwa, kwani sabuni ya unga ya kufulia huikausha ngozi yake ikapasuka na kuwasha. Wapo wanaompaka mbwa mwenye upele oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari. Jambo hili nimeliona kwa macho yangu. Mbwa hujilamba, na oili hiyo ni sumu tumboni mwake sawa na ilivyo sumu kwenye ngozi. Wengine humkogesha kwa dawa ya ng'ombe bila kupima kiasi, kisha hushangaa mbwa anapotetemeka na kutokwa mate. Upele husababishwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na daktari wa mifugo ana dawa yake.

Anayemchana mbwa hukutana na kupe. Yupo kupe wa rangi ya kahawia anayempenda mbwa kuliko mnyama mwingine yeyote, na hujificha katika nyufa za kibanda hata mbwa akiwa ameoshwa. Kwa hivyo kumwosha mbwa bila kusafisha kibanda ni kuteka maji kwa pakacha. Kupe huyo hueneza ugonjwa wa damu ambao maandiko ya madaktari wa mifugo yaliwahi kuuita kwa jina la mji wetu, ugonjwa wa Nairobi wa kutokwa na damu. Mbwa hupata homa, hukataa chakula, hukonda, ufizi wake huwa mweupe, na baadhi hutokwa na damu puani. Ukiwahiwa, una tiba. Nairobi ina sifa nyingi duniani, na hii ni mojawapo ambayo hatujawahi kuipigia tarumbeta.

Lakini faida kubwa ya brashi si ngozi. Mbwa aliyezoea kushikwa masikio, kufunguliwa kinywa na kuinuliwa mguu na mtu anayemwamini atakubali kushikwa siku ya sindano. Mbwa wa kibandani hashikiki. Madaktari wanapokuja kuchanja, wanaoletwa kwa kamba ni mbwa wapole wanaotembea na watoto. Wale waliotangazwa langoni kwa rangi nyekundu hubaki nyuma ya waya kwa kuwa hata mwenye kuwalisha huwasukumia sahani kwa fimbo. Matokeo yake ni kwamba mbwa aliye tayari zaidi kuuma ndiye asiye na chanjo. Tumeufuga ukali na tukaufungia mlango udaktari.

Na chanjo ndiyo roho ya jambo hili. Kichaa cha mbwa si mgeni kwetu. Mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huo nchini Kenya alipatikana mwaka 1912 viungani mwa Nairobi hii hii. Kisa cha kwanza cha binadamu kiliandikwa mwaka 1928, mwanamke wa upande wa Nyanza. Zaidi ya karne moja imepita na bado twazika watu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na wanne katika kila kumi wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikishatokea, hakuna tiba. Virusi huingia kwenye jeraha pamoja na mate, hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi ubongoni, safari ambayo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Mtoto hucheza, hula, hufanya mtihani, na jeraha limekwisha kupona na kusahauliwa.

Upole huo wa ugonjwa mwanzoni ndio mwanya wetu wa kuokoa. Aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili. Sabuni ya kipande ya dukani inatosha, kwani huviharibu virusi. Asipakwe pilipili, tumbaku, mafuta ya taa wala majani. Kisha aende hospitali siku iyo hiyo aanzishiwe sindano za chanjo, ambazo hurudiwa kwa siku zilizopangwa na hazikatizwi kwa sababu jeraha limekauka. Louis Pasteur wa Ufaransa alimwokoa mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, kwa njia ya aina hiyo mnamo Julai 1885. Si haki mtoto wa Kabiria akose leo kile alichokipata mtoto wa Alsace kabla reli ya Uganda haijaanza kujengwa.

Mbwa aliyeuma naye asiuawe kwa mawe na kutupwa mtoni, kama ilivyo desturi yetu tunapopandwa na hasira. Akiwa anajulikana, afungiwe na kutazamwa kwa siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi mateni alipouma. Akifa, au ikilazimu auawe, wataalamu wa maabara ya mifugo iliyoko Kabete, ambako si mbali na huku kwetu, huhitaji ubongo wake ili kupima. Kichwa kilichopondwa hakina jibu la kumpa mzazi. Ijulikane pia kwamba mwenye kichaa si lazima awe anakimbia huku na huko akitoa povu. Wapo wanaopoa na kujificha gizani, taya limelegea, sauti imekwaruza, wakishindwa kumeza. Mwenyewe hudhani mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani.

Jawabu la kudumu linajulikana. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, virusi hukosa njia ya kupita. Kwa kuwa kila mwaka huzaliwa watoto wapya, kazi hiyo hurudiwa kila mwaka. Serikali ya Kenya ilitangaza mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Mwaka huo hauko mbali.

Chanjo nyingine hazifai kusahauliwa. Watoto wa mbwa wanaouzwa kando ya barabara wakiwa ndani ya boksi mara nyingi huwa tayari wamebeba parvo, maradhi ya kuhara damu na kutapika ambayo huua kwa siku chache. Distempa nayo hushambulia mapafu na ubongo, na haikomei kwa mbwa. Mwaka 1994 virusi vyake viliua takribani thuluthi moja ya simba wa Serengeti na kufika hadi Maasai Mara, na watafiti waliwashuku mbwa wa vijiji vilivyopakana na mbuga. Mtoto wa mbwa apelekwe kwa daktari afikapo wiki ya sita au ya nane. Kule Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo ambamo wanafunzi wa udaktari hujifunzia.

Chakula nitakigusia kwa mambo mawili tu. Kwanza, mahindi yaliyoota kuvu. Mama wa nyumbani akiona unga umeingia ukungu husema, "Huu ni wa mbwa." Sumu ya kuvu, iitwayo aflatoksini, huharibu ini la mbwa kama la mtu, na Kenya inaijua vyema: mwaka 2004 iliua watu 125 katika maeneo ya Mashariki, yakiwemo Makueni na Kitui. Pili, nyama za bei nafuu. Tuko karibu na vichinjio vya Dagoretti, na mapafu au maini yenye uvimbe wa maji hutupiwa mbwa yakiwa mabichi. Uvimbe huo ni mabuu ya tegu. Mbwa akiula, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai yakatoka na kinyesi, mtoto akayashika mchangani na kuyala. Ndani ya mtu huota uvimbe ule ule wa maji, katika ini au mapafu, na huenda akahitaji upasuaji. Waturkana wameteswa mno na maradhi hayo. Chemsha nyama hizo kwa muda wa kutosha, na umpe mbwa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu.

Najua swali litakaloulizwa: nani alipe? Nyumbani kwangu jibu ni rahisi, mbwa ni wangu. Lakini mbwa wa ploti ni wa nani? Mwenye ploti anaishi kwingine, msimamizi anasema yeye hulipwa kufagia, wapangaji ishirini wanasema si wao waliomnunua. Mbwa analinda milango ishirini na hana mwenyewe. Sheria haikubali kitendawili hicho. Ipo Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya udhibiti na maslahi ya mbwa mwaka 2015. Anayemfuga mbwa kwa ajili ya mali yake anawajibika kwake. Mpangaji anayeuliza kama kuna maji na stima kabla ya kulipa kodi ana haki pia ya kuuliza kadi ya chanjo iko wapi, maana ni mtoto wake atakayepita hapo alfajiri.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike malango anayoyapita akija shuleni, jina la mbwa wa kila lango, hali ya manyoya yake kama anaonekana, na kama mwenyewe anaweza kuonyesha kadi. Majina yaliyoletwa yalikuwa Simba kwa wingi wa kuchosha, Tommy, Bosco, na kadhaa waliotajwa kuwa "Mbwa" tu. Safu ya kadi ilikuwa karibu tupu. Orodha hiyo nimeipeleka kwa chifu pamoja na ombi kwamba uwanja wa shule utumike kwa chanjo Jumamosi moja kabla ya Septemba 28, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Amenitaka nirudi na idadi ya mbwa ambao itabidi daktari aende kuwachanjia kibandani, kwa kuwa hawawezi kuletwa. Wanafunzi wanaendelea kuwahesabu.